Raundi ya Kumi ya Lemuel Gaddis

Detroit, 4 Februari 1980

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaifungua barua hii, lakini shikamoo hata hivyo. Huku kwa Mama Mdogo Vashti tupo, kifua chake kimepoa, na baridi imetubakiza hai. Mgongo wako vipi? Bado unapanda zile ngazi za jimu yako ya ngumi peke yako?

Nimepata pambano. Ni mwezi wa tano, Atlantic City, raundi kumi, uzito wa juu, na kijana anayeitwa Wendell Peake ambaye hajapoteza hata mara moja. Najua wameniita kwa nini. Wanataka mtu mwenye jina, aanguke kwa adabu, kijana apande. Mimi sitaanguka.

Baba, tangu usiku ule kengele ya raundi ilipolia nami nikabaki nimekaa kwenye kigoda changu cha kona, nikaacha pambano, hujanisemesha. Ni miaka miwili sasa. Krismasi nilipiga simu ukampa Dada azungumze. Nikimlaza huyu kijana, hata kama ni raundi ya mwisho kabisa, utaniita nyumbani? Na kama unaweza, njoo usimame kwenye kona yangu ulingoni, kama zamani.

Mwanao,
Lemuel

*

Philadelphia, 25 Februari 1980

Lemuel,

Marahaba. Mgongo ni wangu, niachie mwenyewe. Mwambie Vashti anywe supu aache sigara.

Barua yako niliisoma kwa kinyozi Purnell, kwa sauti, maana huku hakuna siri. Ungewasikia! Ezell alidakia kabla sijamaliza: "Nani, Bwana Kigoda? Amepata kiti kingine cha kukalia?" Watu wakacheka mpaka Purnell akamkata mteja sikio. Purnell akakutetea kidogo, akasema, "Akimlaza mtu raundi ya kumi, amemlaza. Aliye chini ni aliye chini." Ezell akamjibu, "Wee! Mtu apigwe kama zulia raundi tisa, halafu abahatishe konde moja, ndiyo umwite mwanamume? Hiyo ni bahati nasibu!" Walibishana hadi duka likafungwa.

Mimi nasemaje? Nasema jimu yangu imetoa watu walioanguka, waliovunjwa taya, na mmoja aliyepigana na mbavu zimevunjika. Haijawahi kumtoa mtu aliyekaa. Sijui kama konde moja linafuta hilo. Kwenye kona yako siji. Nikusimamie mara ya pili watu wanicheke?

Baba yako,
Hosea Gaddis

*

Detroit, 12 Machi 1980

Baba,

Shikamoo. Mama Mdogo anasema supu atakunywa, sigara mtagombana.

Nilikuwa nimeapa hili silisemi. Jicho langu la kushoto halioni. Lilikufa kabla ya pambano lile, pale pale jimuni kwako, Jumamosi moja asubuhi. Unakumbuka Jumamosi zetu, mtaa mzima umejaa kwenye mabenchi, hakuna kofia za kujikinga, na wewe hukubali mazoezi yasimame mpaka mmoja apige goti. Siku hiyo nilikuwa na Cato Bynum. Alinipiga jichoni raundi ya tatu nikaona moshi. Nikakutazama. Ukapiga kelele, "Cato, usimhurumie kwa sababu ni mwanangu!" Hakunihurumia.

Sikukwambia, maana ningekwambia nini? Daktari wa tume ya ngumi nilimpita kwa kukariri herufi za ukutani. Usiku ule kwenye kigoda, jicho zima nalo lilianza kuleta ule moshi. Ndiyo maana nilikaa, Baba. Sikumwogopa mtu. Niliogopa giza.

Daktari mmoja wa huku amelitazama la kulia. Anasema limechoka, lisiguswe tena. Herufi za ukutani nimezikariri upya. Nakuandikia haya ili uyajue, na unishauri.

Mwanao,
Lemuel

*

Philadelphia, 14 Aprili 1980

Lemuel mwanangu,

Marahaba, na Mungu akuweke. Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Sikuisoma kwa Purnell.

Kumbe hukukimbia! Kumbe damu ni ile ile! Nilipitapita hapa chumbani nikiongea peke yangu kama kichaa, nikisema, kijana alipigana kwa jicho moja na mimi sikujua. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Sasa nisikilize. Peake hupiga konde refu la kulia, na litakuja upande wako usioona. Zunguka, jicho zima limkute kila wakati. Glavu ya kushoto iweke juu ya shavu, usiishushe hata ukichoka. Usibishane naye raundi za mwanzo, atakupita pointi, mwache apite. Kijana asiyewahi kupigwa huanza kuchezea watazamaji mwishoni, hudondosha mikono. Hapo ndipo umtie konde. Na watu wa kona yako uwaonye mapema: atakayetupa taulo ili pambano lisimamishwe, utampiga yeye kwanza. Hata kama umepoteza zote tisa, moja inatosha.

Mimi nitakuwa kwenye viti, sio konani, nisikupe wasiwasi.

Baba yako,
Hosea

*

Philadelphia, 19 Mei 1980

Lem, Lem, Lem!

Uko wapi mwanangu? Nilikuja mpaka mlango wa chumba chenu cha kubadilishia nguo, wakaniambia umeshapelekwa na gari. Nikajua ni kushonwa tu, maana uso ulikuwa umevimba kama unga wa mkate ulioumuka. Umepona?

Sijui nianze wapi. Raundi tisa nilikuwa nimeinamisha kichwa, kweli nakwambia. Watu nyuma yangu walipiga kelele, "Msimamisheni, atakufa huyo!" Nikageuka nikawaambia wanyamaze, huyo ni mwanangu, hasimamishwi. Halafu ile ya kumi, kijana akadondosha mikono kama nilivyosema, na lile konde lako la kulia! Alianguka kama kabati!

Kwa Purnell wamebandika gazeti kioo kizima. Ezell kanyoosha mikono, anasema, "Nimekosea, nimekosea, nipigeni." Watu wanaponipita njiani wanavua kofia. Kanisani mchungaji alitaja jina lako kabla ya sadaka, na kina mama wa kanisa wanaouza samaki Ijumaa watakukaangia utakapofika. Lile neno la kigoda halitajwi tena.

Rudi nyumbani. Chumba chako nimekipaka rangi. Na niambie, ulijisikiaje ulipomwona anaanguka?

Baba yako anayejivunia wewe,
Hosea

*

Philadelphia, 23 Juni 1980

Lemuel,

Hujambo? Hujajibu. Nikipiga simu Vashti anakata. Samaki walikaangwa wakaliwa na wengine. Kama nimekukosea kwa lile la kona, nisamehe, tuyamalize kiume. Watu wananiuliza wewe utakuja lini.

Baba yako

*

Detroit, 30 Julai 1980

Baba,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa Mama Mdogo, maneno ni yangu. Barua zako zote mbili amenisomea yeye. Ya kwanza aliisoma nusu akatoka nje.

Mimi ni mzima wa mwili. Jicho la kulia liliondoka raundi ya saba. Hospitali walijaribu mara mbili, na juzi wamesema wasinidanganye. Najifunza kutembea nyumbani kwa kushika ukuta.

Wasalimie kwa Purnell. Nimefurahi kwamba wanakuvulia kofia, nasema kweli, maana ndicho ulichotaka. Ila mimi sikukuandikia kuhusu jicho ili unifundishe kuzunguka. Nilikuandikia ili uniambie acha. Neno moja tu, Baba. Nilikuwa nalisubiri mwezi mzima, na ungelisema ningerudisha mkataba siku hiyo hiyo. Nina hasira nawe, na sidhani kama itaisha. Usije Detroit. Chumba mpe mtu mwingine.

Umeuliza nilijisikiaje nilipomwona anaanguka. Sikumwona. Nilirusha mkono kule pumzi yake ilikotoka, kisha nikasikia watu wote wanapiga mayowe, nikadhani ni mimi niliyeanguka. Nikaanza kupapasa kamba za ulingo ili niinuke.

Lemuel