Nusu Maili ya Ayuma

Amalemba,
Kakamega.
Jumatatu, 15 Julai 1968

Kwa Dada yangu mpendwa Ayuma,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako Bramwel. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Patroba na watoto, na kwamba kikohozi cha Kageha mdogo kimepungua tangu baridi ya Lugari ilegee. Sisi huku tu wazima. Baba yupo. Mama bado analalamikia magoti, lakini shambani anakwenda kila siku na hakuna awezaye kumzuia.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Nilipoona bahasha nilidhani ni shemeji ameandika kwa niaba yako kama kawaida, lakini nilipoifungua nikakuta herufi kubwa kubwa zilizolala upande mmoja, nikajua huo ni mkono wako mwenyewe. Umefanya vizuri sana kwenda ngumbaru. Niliisoma mara tatu. Umeandika kwamba sasa unajisomea Biblia na hakuna tena mtu wa kukuficha neno. Najua uliandika kwa furaha tu, dada, lakini neno hilo limenikaa rohoni. Kwa hiyo nakuomba barua hii uisome wewe, polepole, usimpe shemeji akusomee. Ukishaimaliza, mwonyeshe yeyote umtakaye.

Mimi kazi yangu ya ukarani inaendelea. Kila siku wazee wanatoka vijijini na karatasi zao za mashamba, wananipa niwasomee, nami nawasomea. Wananishukuru kwa heshima kubwa, wengine hata wanavua kofia. Huwa sipendi wanavyonishukuru.

Habari kubwa ya nyumbani ni ya mdogo wetu Mildred. Amekuwa mrefu, ungemwona usingemtambua, na sasa yuko darasa la sita. Mwezi uliopita shule zilishindana pale Khayega naye akawaacha wasichana wote wa nusu maili. Mwalimu wake, Bwana Lazarus, alikuja nyumbani kumwomba Baba ruhusa ili mtoto aje kukimbia hapa mjini pamoja na shule nyingine za wilaya. Baba alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. Alisema mtoto ana kazi za nyumbani. Mwalimu aliporudi mara ya pili, Baba alichukua msumeno wake akaingia msituni kupasua mbao, ingawa ilikuwa siku yake ya kupumzika. Ndipo Mama akanitumia ujumbe kwamba nije nizungumze na mzee, maana mimi ananisikiliza.

Nilifika Jumapili ya tarehe saba, baada ya ibada. Mama alikuwa amechinja kuku, ingokho nzima, utadhani mimi ni mgeni. Mildred alituandalia ugali wetu wa obusuma bila kuinua macho, na nikaona alikuwa amelia. Tulipomaliza kula nikaanza kumsihi Baba kwa maneno yangu ya ofisini. Nikamwambia kwamba siku hizi wasichana wanakimbia na hakuna anayeshangaa, na kwamba ni siku moja tu. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, maneno haya: "Bramwel, mmoja niliwapa kwa mikono miwili, wakanirudishia. Niliona jinsi dada yako alivyokaa baada ya hapo. Sitamtazama mwingine akikaa hivyo."

Dada, niruhusu nikukumbushe mambo unayoyajua, maana nataka uyaone nilivyoyaona mimi.

Uliacha shule darasa la pili ili umsaidie Mama, nami nikaingia. Kwa hiyo hukuwa mtu wa michezo ya shule. Ulikwenda kwenye sherehe za uhuru uwanjani kwa chifu kama watu wengine, kutazama ngoma na kula nyama, na walipoita wasichana wa kukimbia ukaingia na gauni lako, bila viatu, ukawapita wote waliokuwa na namba vifuani. Asubuhi yake nilimkuta Baba anapima shamba kwa kamba ya ng'ombe. Alifyeka njia kuzunguka mahindi yote, akaweka jiwe kila baada ya hatua hamsini, na tangu siku hiyo kila alfajiri kabla ya kwenda msituni alisimama pale akikuhesabia mizunguko. Mama aliichukua suruali ya kaki ya Baba, ile ya kanisani, akaikata akakushonea bukta. Baba akawa anaenda kanisani na suruali nyingine yenye kiraka.

Wazee wa kanisa walimwita. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimebeba Biblia yake. Walimwambia ni aibu binti mkubwa kukimbia miguu wazi mbele ya wanaume, na kwamba hatapata wa kumwoa. Baba aliwajibu kwamba Mungu ndiye aliyekupa miguu hiyo, yeye anakutafutia tu mahali pa kukimbilia. Kisha akavaa kofia yake akaondoka. Sijawahi kumwona mtu akijibu wazee vile, na badala ya kujivunia baba yangu, nilijiuliza kama angesimama vile kwa ajili yangu.

Maana mimi nilikuwa nacheza mpira, dada. Labda hukumbuki. Nilivaa jezi namba kumi na moja. Mwezi wa nane mwaka wa sitini na nne timu yetu ilifika fainali kule Shinyalu, na Baba aliniahidi kwamba atakuja. Halafu ikaja habari kwamba mashindano ya mkoa yatakuwa hapa Kakamega siku hiyo hiyo. Baba alikufuata wewe. Mama naye alikufuata, amebeba viazi vitamu na chupa ya uji. Nilifunga bao moja, na waliolipigia makofi wote walikuwa wazazi wa wenzangu. Niliporudi nikakuta nyumba imejaa majirani, Baba anaigiza jinsi ulivyompita msichana wa mwisho kwenye kona, watu wanacheka kwa furaha. Aliniuliza tulifungana ngapi. Kabla sijajibu, mtu mwingine akamwomba aigize tena.

Haya nayasema uyajue, si kwamba yananipa haki. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilishajua jema na baya.

Wiki tatu baadaye barua ya serikali ilikuja. Mwalimu mkuu alinipa niilete nyumbani ikiwa imefungwa. Ilikuwa ya Kiingereza, na nyumbani kwetu mimi peke yangu ndiye niliyekijua. Baba alivaa koti ili aisikilize. Mama aliondoa chungu motoni. Wewe ulikuwa unapukuchua mahindi, ukaacha, ukafuta mikono kwenye gauni. Mimi nilisimama mlangoni penye mwanga, nikaisoma kwanza kimya kimya.

Nikawaambia kwamba wanashukuru ulikuja kukimbia, lakini wamekupima pamoja na wasichana wengine na wamekuta hutoshi.

Dada Ayuma, barua haikusema hivyo.

Ilisema kwamba Ayuma binti Phineas wa Khayega amechaguliwa kuingia kambi ya wasichana wanariadha Nairobi kwa wiki sita. Ilisema mwalimu wa kike angewachukua hapa Kakamega na kuwapeleka Kisumu kupanda gari la moshi, na kwamba nguo na viatu vya kukimbilia mngepewa huko. Baba alitakiwa tu aweke kidole gumba chini ya karatasi na kuirudisha kabla ya siku kumi na nne, la sivyo nafasi ingepewa mwingine. Na mwishoni afisa wa michezo aliyeiandika aliongeza maneno kwa kalamu yake mwenyewe. Aliandika kwamba tangu aanze kazi hajaona msichana akikimbia namna ile, na kwamba anamshukuru mzazi aliyesimama pembeni ya uwanja akimhesabia.

Haya yote niliyaona kwa macho yangu, na nikasema hutoshi.

Baba aliniuliza mara moja tu, "Wameandika hivyo? Kwamba hatoshi?" Nikasema ndiyo. Wewe ulisema, "Basi," ukarudi kwenye mahindi yako.

Kosa langu halikuishia hapo, na hili la pili ndilo linalonitia aibu zaidi. Siku ya nne Baba alinijia akasema hajaridhika, anataka kwenda kwa afisa akamuulize ni kitu gani kilichopungua, ili akitengeneze. Alishavaa koti. Nilikuwa nimepewa nafasi ya kurudi nyuma, na siku kumi zilikuwa bado zimebaki. Nikamwambia watu wa ofisini hawapendi kuulizwa, wanaweza kumwona mkaidi. Aliniamini. Alilivua koti akalitundika. Ile karatasi nilimwambia nitaitunza kwenye sanduku langu la shule, na kesho yake nikaitia kwenye moto wa jikoni wakati Mama amekwenda mtoni.

Njaa ya mwaka uliofuata Baba alipanda viazi kwenye njia yako ya kukimbilia. Bukta Mama alishikia vyungu. Nawe ukaolewa Lugari, na siku ya kuondoka ulinishika mkono ukaniambia nisome kwa bidii kwa ajili yetu sote.

Sasa nirudi kwenye Jumapili ile. Baba aliposema maneno yake, nilijaribu kunyamaza kama nilivyonyamaza miaka minne, lakini Mildred alikuwa amesimama pale na sahani mikononi, na nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimeisoma barua ile kwa uongo mara ya pili. Nikamwambia Baba yote. Sikuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliniuliza barua ilisemaje hasa, nikamwambia neno kwa neno, maana sijawahi kuisahau. Nilipofika kwenye yale maneno ya kalamu ya afisa aliniambia niyarudie. Nikayarudia. Akaniambia tena. Nilipoanza mara ya tatu aliinua mkono ninyamaze. Mama alikuwa ametoka nje, tulimsikia akiita kuku ingawa hapakuwa na chakula cha kuwapa.

Mwishowe akasema, "Mwandikie dada yako kabla sijafika kwake. Sitaki asikie kwangu kwanza, akadhani nimekuja kukuombea msamaha."

Nilimwambia yeye hana kosa lolote la kwenda kujieleza. Akasema analo. Akasema alivua koti upesi mno.

Basi ndiyo sababu unapata barua hii. Baba anakuja huko Alhamisi ya wiki ijayo kwa basi. Nilijitolea kumsindikiza, akasema atakuja peke yake.

Juzi Jumamosi alimleta Mildred mjini. Walitoka nyumbani alfajiri kwa miguu, Mama akiwa amewafungia viazi. Niliomba ruhusa kazini nikaenda uwanjani nikasimama upande wake, si karibu sana. Amezeeka, dada, lakini walipoanza kukimbia alikimbia naye pembeni ya kamba, akihesabu kwa sauti mpaka kofia ikaanguka, na watu wakawa wanamtazama yeye kuliko wanavyotazama mbio. Mildred alikuwa wa tatu. Wanaoendelea mbele ni wawili wa kwanza tu, kwa hiyo kwa mwaka huu amefika mwisho. Hakulia. Baba alimfunika kwa koti lake akamwambia kwamba kwenye kona ya pili alichelewa kutoka, hilo watalirekebisha kuanzia Jumatatu.

Kisha wakampa Mildred karatasi yenye jina lake na nafasi yake na muda aliokimbia. Alimpa Baba. Nilikuwa nimesogea, nipo hatua moja tu kutoka kwake, na mkono wangu ulinyooka wenyewe kuipokea, kama ulivyozoea tangu utoto wangu, maana karatasi zote za nyumba ile nilizisoma mimi. Baba aliuona mkono wangu. Akageuka, akatembea mpaka upande wa pili wa uwanja alipokuwa Bwana Lazarus, akavua kofia, akamwomba amsomee.

Siombi uniambie kwamba yamekwisha. Nimekuandikia ili uwe na hakika kwamba ulitosha, na kwamba aliyekuzuia alikuwa wa nyumba moja nawe. Ukitaka kunijibu nitashukuru, na usipotaka nitajua sababu.

Nisalimie shemeji Patroba, kama baada ya kusoma haya utaona inafaa. Wabusu watoto, hasa Kageha. Mama anasema umwambie Baba akiwa huko asibebe kitu kizito, maana mgongo wake si kama zamani. Mildred anakusalimu sana. Ameniuliza kama ni kweli ulikimbia na gauni, nikamwambia ni kweli.

Wako mwenye aibu,
mdogo wako,
Bramwel