Nilijibu Ndiyo, Afande

Buswelu, Mwanza
Jumapili mchana

Mama waitu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umemaliza kuvuna kahawa ya kule bondeni, na mguu wako haukusumbui tena. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una homa. Ningepiga simu, lakini ukiisikia sauti yangu utapanda basi uje.

Unakumbuka nilikuambia kwamba chuo cha vyombo vya majini hapa mjini kinaweza kuyahesabu mafunzo ya jeshi niliyopata kambini baada ya kidato cha sita? Ni kweli. Yakihesabiwa, naruka muhula wa kwanza. Wiki iliyopita niliitwa kwa Mwalimu Masanja, ambaye ndiye anayetupima. Cheti changu cha kambini kilikuwa mezani kwake, hata hajakifungua. Mama, nilipoingia tu miguu ilijibana yenyewe na mikono ikanyooka ubavuni, kama niko kwenye kwata.

"Huduma ya kwanza ulifundishwa?"

"Ndiyo, afande!"

"Kufunga kamba?"

"Ndiyo, afande!"

"Na kuogelea?"

"Ndiyo, afande!"

Akaandika. "Vizuri. Jumatatu utanionyesha ziwani."

Mama, kambi yetu ilikuwa nyikani. Maji niliyoyaona kule ni ya ndoo. Lakini kule mkubwa akikuuliza kitu, jibu ni hilo moja tu. Ukitoa jingine unaruka kichura mpaka magoti yalie. Nilitaka kumrudia nimwambie nimekosea. Nilifika mlangoni kwake, nikageuka. Nikarudi tena, nikageuka tena. Unanijua nilivyo. Hata kanisani nilishindwa kusimama kusoma somo.

Nilimwambia mama mdogo tukimenya ndizi hapa jikoni kwake. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Wewe, mdomo wako umeusahau kambini?" Kisha akaona mimi sicheki. Akasema, "Kaseme. Usiposema, ziwa litakusemea."

Neno hilo halijanitoka. Kesho ndiyo Jumatatu. Nikisema, wanaweza kufuta yote, hata yale niliyojifunza kweli. Nikinyamaza, ni maji. Na wewe ndiye uliyetukataza kulisogelea ziwa tangu baba mdogo alipozama. Niombee.

Jumatatu jioni

Mama, bado niko hai.

Tulikwenda ufukweni, kwenye mawe, pale boti za chuo zinapofungwa. Maji yalikuwa ya kijani, chini huoni kitu. Wavulana waliotangulia walijitosa wakipiga kelele. Halafu nikaitwa mimi.

"Ingia," akasema Mwalimu.

"Hapana, afande!"

Ilitoka kwa sauti ya gwaride, hata korongo aliyekuwa juu ya jiwe akaruka. Wavulana wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Afande kaogopa maji! Mleteeni ndoo!"

Mwalimu hakucheka. "Kwa hiyo cheti chako kinadanganya?"

"Cheti hakikuandika kuogelea, mwalimu. Ni mdomo wangu."

Akanitazama, nami nikatazama mchanga. "Nimeshawatoa wawili hapa wakiwa hawapumui," akasema polepole. "Wote waliniambia wanajua."

Kisha akanitupia kamba. Nilifunga kila fundo alilolitaja. Akamlaza yule wa ndoo mchangani awe ndiye aliyezama, nikaonyesha namna ya kumhudumia. Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Huduma ya kwanza na kamba vimehesabiwa. Kuogelea naanza mwanzo kabisa siku ya Alhamisi, na nisipofaulu nafasi yangu chuoni imekwisha. Sijui nitaingiaje, Mama. Nikifumba macho namwona baba mdogo.

Nisalimie kaka Deo, na jirani yetu katekista, aniweke katika sala zake. Bibi mwambie najifunza kufunga vidonda. Habari za maji asizisikie kabisa. Mama mdogo anakusalimu sana, barua hii ataipeleka mwenyewe kwa kondakta wa basi la Bukoba.

Nilisahau kitu. Nilipokuwa naondoka ufukweni, Mwalimu aliniita tena.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, afande."

Na hilo, Mama, lilikuwa kweli tupu.

Mwanao,
Kokugonza