Mguu wa Dokta

Mwenzangu, Dokta wetu leo kaumbuka mbele ya wageni waliokuja kuamua kama utafiti wake uendelee.

Si unaujua ule uzi wa kioo anaoupitishia mwanga? Kaulaza chini ya sakafu ya maabara upime mitetemo. Kwenye skrini mstari unapanda, unashuka, taratibu kabisa. Akawaambia, "Hiyo ni ardhi inapumua."

Ardhi. Inapumua.

Mama wa usafi akaegemea fagio lake. "Baba, hebu acha kwanza kutikisa mguu."

Akaacha. Mstari ukanyooka, kimya.

Mara ukaanza kurukaruka upya. Dokta uso ukamchanua. "Na hiyo je?"

"Hiyo ni wageni, baba. Wanajizuia kucheka."