Msichana wa Ukurasa wa Nne

Rotterdam, 3 Novemba 2024

Shikamoo Mjomba Zeferino,

Natumaini kifua kimekupa nafuu na nyumbani hakuna mgonjwa. Mimi ni mzima. Nimepata kazi katika bohari ya maua.

Uliniuliza kwa simu kwa nini niliondoka Lisbon bila kuaga. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu huwa unashinda wewe.

Siku wafadhili walipokuja kwenye ukumbi wa chama chetu cha mtaa, yule mama wao alisimama akasoma ukurasa wa nne wa ombi uliloliandika wewe, katibu wetu. Msichana A., miaka ishirini na miwili, wa mtaa wetu. Ameacha shule. Mama yake mlevi, hutoka saa kumi alfajiri, asijulikane aendako. Mpaka chama kilipomwokota barabarani.

Nani mtaani hajui kwamba anayetoka saa kumi ni mama yangu, dada yako, akienda kusafisha ofisi za mjini? Alikuwa pale pale, akiwapakulia watu kachupa, mahindi na maharagwe ya kwetu. Jirani yetu Dona Bia akamwambia, "Ondina, na hiyo pombe unainywa saa ngapi, kati ya basi na ndoo?" Watu wakacheka. Mama aliendelea kupakua mpaka foleni ikaisha. Nilikutazama, nawe ulikuwa unapanga karatasi zako.

Nina ombi moja tu. Waandikie wafadhili kwamba ni uongo, kisha uisome barua hiyo ukumbini, mama akiwepo.

Mpwa wako,
Adalgisa


Lisbon, 1 Desemba 2024

Mwanangu Adalgisa,

Marahaba. Kifua ni kile kile, hakiniui wala hakiniachi. Nafurahi kwamba umepata kazi.

Sitakanusha neno. Naomba tu ujue jinsi lilivyoandikwa. Fomu ile ina sehemu saba, na zote zinauliza tulichokosa. Hakuna hata moja inayouliza tulicho nacho. Mara mbili niliandika kweli: kwamba wewe na wenzako mlikwenda mlango kwa mlango mkaandikisha wapigakura mia tatu, na kwamba paa la ukumbi lilimiminwa zege Jumapili moja na watu arobaini waliolipwa chakula tu. Mara mbili tulijibiwa kwamba uhitaji wetu haujathibitika. Mara ya tatu nikatunga msichana. Nilimpa herufi yako kwa kuwa kila nilipoandika neno "kijana" niliyemwona mbele yangu ni wewe. Saa ya kutoka kwa mama yake iliingia yenyewe. Sikuwa na mama mwingine wa kumfikiria.

Nikiikana hadithi hiyo sasa, ufadhili utakatwa, ukumbi utafungwa, na vijana watatu watapoteza kazi. Nivumilie mpaka Juni, kipindi hiki kiishe. Nawe urudi Agosti: tunataka uongoze orodha yetu ya wagombea wa baraza la kata. Hakuna mwingine ambaye mtaa mzima utamfungulia mlango.

Mama yako sasa hunisalimu kupitia kwa mke wangu.

Mjomba wako,
Zeferino


Rotterdam, 12 Januari 2025

Shikamoo Mjomba,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wote nyumbani. Mimi sijambo.

Juni iko mbali kwa mtu anayepanda basi moja na Dona Bia kila alfajiri. Sitagonga milango ya watu kuomba kura ilhali mama yangu hajasafishwa jina. Anazungumza habari za kurudi kwao, kisiwani Fogo. Akiondoka kabla hujasoma, tafuta mtu mwingine wa orodha.

Mpwa wako,
Adalgisa


Lisbon, 6 Julai 2025

Mwanangu Adalgisa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Ya kwangu haina habari mpya.

Mama yako aliondoka Mei, kama ujuavyo. Nilikwenda kumuaga, nikakuta amekwisha kukabidhi ufunguo. Juma lililofuata nikawaandikia wafadhili kweli yote. Walijibu kwa mistari minne: wananishukuru, wanaelewa kwamba hadithi za namna hiyo huchanganywa, hakuna aliyeichukulia kuwa habari ya mtu fulani, na ufadhili umeongezwa miaka miwili. Kumbe hatari niliyoulinda ukumbi nayo haikuwapo. Laiti ningeuliza Novemba, ningejibiwa Novemba.

Jumapili iliyopita niliisoma barua yangu mbele ya watu wote. Nilipomaliza, Dona Bia akasema, "Bwana Zeferino, sisi tulijua ni uongo tangu siku ile. Mimi mzaha wangu nilimwomba radhi kwenye basi kesho yake. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Nakala nimeituma Fogo. Haijajibiwa. Orodha inapelekwa katikati ya Agosti, na nafasi ya kwanza bado nimeiacha wazi.

Mjomba wako,
Zeferino


Rotterdam, 2 Agosti 2025

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hujambo. Mama ni mzima, amepanda mahindi.

Barua yako ameipata. Aliniuliza kama ukumbi ulijaa siku uliyosoma. Nikamwambia ulijaa. Akasema, "Siku ile nayo ulijaa," kisha akaniuliza habari za baridi ya huku.

Nafasi ya kwanza mpe Nilton. Katika wale wapigakura mia tatu, yeye aliandikisha wengi kuliko mimi. Mimi nimejiandikisha huku.

Mpwa wako,
Adalgisa