Kwa Kamanda Hedley Rowse, Ambaye Alisikia

Mwaka umetimia, Hedley, tangu ulipofariki hapa nyumbani Plymouth.

Vita vyote uliongoza manowari za kusindikiza misafara ya meli za mizigo. Mabaharia wako walikupenda kwa sababu hukupiga kelele na hukula kabla yao. Nyumbani ulikuwa ukipogoa mawaridi, uking'arisha viatu vyako mwenyewe, na hukusema uongo.

Uliomba mdogo wangu Denzil, shemeji yako, apangwe melini kwako, kwa kuwa Mama alitaka umwangalie.

Huko bahari ya kaskazini mlipigwa kombora, moto ukaelekea kwenye ghala la baruti. Denzil na wenzake wawili walikuwa ndani, na mlango ulikuwa umepinda kwa joto. Msaidizi wako Burrell alitusimulia.

"Afande, wanagonga."

"Nawasikia. Fungulia maji."

Bahari ikajaa ghalani. Meli haikulipuka. Watu zaidi ya mia walirudi kwao, nawe ukavishwa nishani. Ulikuwa sahihi. Hatujawahi kusema vinginevyo.

Ulikuja mwenyewe kumwambia Mama, koti la melini likiwa bado mwilini.

"Uliwasikia?" akauliza.

"Niliwasikia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waliponyamaza."

Vita vilipokwisha, Mama alihamia kwetu. Hukuweza kuvumilia mlango ukigongwa, kwa hiyo tuliweka kengele. Mama hakuigusa. Kila asubuhi alisimama na kikombe cha chai nje ya chumba chako, akagonga taratibu, mara tatu.

"Fungua, Kamanda. Au kutofungua ndiyo mazoea yako?"

Ulikuwa ukifungua, rangi imekutoka usoni. Nilikuuliza kama nimkataze.

"Mwache, Loveday. Huyu naweza kumfungulia."

Kila Krismasi ulimwomba msamaha. Kila Krismasi alikusogezea viazi.

Uliagiza uchomwe, na majivu yako yamwagwe baharini. Mama alisema, "Huko kuna mwanangu. Mtafutieni mahali pengine." Basi tukakuzika kilimani. Kabla hujateremshwa, Mama aliinama, akagonga jeneza mara tatu, akasubiri kama alivyozoea kusubiri mlangoni. Kisha akawageukia wachimba kaburi.

"Amenyamaza. Mshusheni."

Unakumbukwa na mkeo Loveday, binti yako Morwenna, Burrell aliyekuwa msaidizi wako, na mama mkwe wako, Bibi Tregear, aliyetaka jina lake lisikosekane hapa.

Hakuna asubuhi tutakayokusahau.