Kioo Chekundu cha Nzilo

Jumatatu, 8 Machi
Nimefuta vioo vya mnara wa taa, hapa ziwani Nzilo, kwa majivu na gazeti. Utambi nimeukata. Kioo cha upande wa vigogo vya miti iliyozama nimekipaka upya rangi nyekundu ya kucha. Kile chekundu cha Wabelgiji kilipasuka zamani. Baba aliweka cheupe akakipaka hivyo hivyo. Mvuvi akiona nyeupe, apite. Nyekundu, arudi.
Tangu kampuni ya bwawa iache kuleta mafuta ya taa, kila mtumbwi hutoa kikombe kimoja kwa wiki. Leo minne imepita bila kusimama, hata wa Tata Kabamba, jirani yangu. Kisa mimi Mkasai. Nimezaliwa chini ya mnara huu! Kasai, alikotoka baba, sijakanyaga.

Jumatano, 10 Machi
Vijana wa chama cha siasa wamekuja na filimbi. Wakasai wote tuhamie shuleni, tungoje lori la kutupeleka gare ya Kolwezi, tupande treni turudishwe Kasai. Mwisho Ijumaa. Nina hasira. Taa nimewasha hata hivyo. Msitu uliozama bwawa lilipofunga mto Lualaba bado umesimama chini ya maji. Vigogo haviulizi mtu katoka wapi.

Ijumaa, 12 Machi
Ufunguo wa mnara kapewa Kabamba. Hakunitazama usoni. Nilitaka kumweleza kazi, kijana mmoja akanisukuma. Nimebeba godoro, sufuria, chupa ya rangi. Kaburi la baba nimelifagia.

Jumamosi, 13 Machi
Shuleni, tumelala chini ya madawati. Jioni nimetazama mnara. Nyeupe pande zote! Kabamba ameikwangua rangi. Kafanya usafi, mtu mzima huyo! Kesho Jumapili hakuna anayevua, lakini Jumatatu alfajiri mitumbwi itafuata nyeupe mpaka kwenye vigogo.
Nimesema moyoni, wazame, si wamenifukuza? Nimesema mara mbili. Halafu nimeona aibu. Nitakwenda.

Jumapili, 14 Machi
Vijana wanaotulinda walipoingia misa, nimepita katikati ya mihogo. Nilijikwaa, goti limechubuka. Kabamba nimemkuta juu, anasugua vioo, amejaa fahari.
“Nilizania ni buchafu, mama,” akasema. “Nilikwangula siku muzima.”
Nimecheka, kisha nimelia. Nimempa brashi, apake mwenyewe mbele yangu, mara mbili, mpaka hakuna mahali peupe. Mkono wake mzito kama wa mtu anayepaka lami. Chupa nimemwachia.
“Na weye sasa, mama?”
“Mi naenda. Kila mwanzo wa mvula, upake.”
Nimerudi shuleni kabla misa haijaisha. Kama ningekamatwa, basi.

Jumatano, 17 Machi
Gare ya Kolwezi. Treni hakuna. Watu wamejenga vibanda kwa mashuka. Mvua ya asubuhi, kisha jua.
Mke wa Kabamba amefika juu ya lori la mkaa. Amenitafuta kibanda kwa kibanda.
“Bavuvi bote balirudia,” akasema. “Balivua muzuri.”
Akatoa samaki wakavu, na chupa ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Nimenusa. Mafuta ya taa.
“Hii njo kikombe yetu ya ile wiki, mama. Tulipita bila kusimama.”
Ameondoka na lori lile lile. Huku sina taa ya kuwasha. Chupa nimeiweka katikati ya nguo, isimame wima.