Mahali pa Kumzungumzia Mama

Fittja, 2 Februari 2009

Kaka yangu mpendwa Bonaventure,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii. Mimi na Gaëlle tuko wazima, ila yeye ana kikohozi. Wewe je, mgongo umeacha kukusumbua?

Pasipoti imetoka! Ya Uswidi, na jina langu halina kosa hata moja. Niliitazama ndani ya metro mpaka nikapitiliza kituo cha kazini. Sasa naweza kuja kwako Lucerne.

Tangu ulipokuja huku mwaka juzi, tukakaa kwenye sofa yangu tukiongea habari za samaki na theluji, moyo wangu haujatulia. Najua ulitaka kuniuliza Mama alikufaje. Nilikuona unavyolizunguka hilo swali, nikawa nakuongezea chai tu.

Sikutaka kulisema humu ndani. Kuta hizi ndizo ninazoamka nazo kila siku. Neno hilo likishatoka litabaki hapa, kwenye mapazia, kwenye sufuria. Nataka kulisema tukiwa safarini, macho yangu yakiwa kwenye kitu kingine. Wewe unaishi Uswisi, nchi ya maziwa na treni za milimani. Nipangie safari za kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mimi nitachagua ya kusemea.

Mdogo wako,
Emérithe


Lucerne, 20 Februari 2009

Mdogo wangu Emérithe,

Amani iwe kwako na kwa mpwa wangu. Mpe maji ya moto na asali. Mgongo upo, tumeshazoeana.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Sawa, nitapanga.

Iko boti ya kwenda Flüelen. Inaondokea mbele ya stesheni na inakwenda taratibu asubuhi nzima. Mwanzoni ziwa ni pana, lina majumba na bustani. Halafu linapinda, milima inasogea pande zote mpaka unadhani njia imekwisha. Maji yanakuwa ya kijani kibichi. Watu hunyamaza wenyewe bila kuambiwa. Kurudi tungepanda treni.

Au tuchukue treni inayopanda mlima Brünig na kuteremka Brienz, kisha boti hadi Giessbach, maporomoko ya maji yanaposhuka msituni kwa vidato mpaka ziwani.

Na upo mlima Rigi. Unakwenda kwa boti mpaka Vitznau, halafu treni ndogo nyekundu yenye magurudumu ya meno inakupandisha. Ukifika juu, kukiwa kweupe, unaona maziwa chini kila upande, na milima ya theluji imekaa mbali kama watu wanaosubiri kuitwa.

Sijui ipi inafaa. Sijawahi kupanga safari kwa shughuli kama hii.

Kaka yako,
Bonaventure


Fittja, 19 Machi 2009

Kaka,

U mzima? Huku kikohozi kimekwisha, na jua limeanza kukumbuka kazi yake.

Barua yako naisoma kwenye metro. Treni ikitoka Fittja kuelekea Masmo inapita juu ya maji, muda wa kuvuta pumzi moja tu, na kila asubuhi pumzi hiyo naiita Flüelen. Kazini kwenye chekechea naosha vikombe vya watoto, nashtuka tayari niko Giessbach, nywele zimelowa kwa manyunyu ya maporomoko. Mwenzangu Adrienne ameniuliza kama nimepata mchumba.

Nina maswali. Kwenye boti, kuna kiti cha nje ambacho mtu anaweza kukaa kimya asidhaniwe mgonjwa? Treni za huko zina matuneli mengi? Sitaki giza lije katikati ya sentensi. Na Gaëlle je? Nilimbeba mgongoni njia ile yote lakini hajui lolote. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Sitaki asikie, na sitaki kumwacha nyumbani.

Emérithe wako


Lucerne, 14 Aprili 2009

Emérithe,

Salamu za Pasaka. Jumapili nilipanda boti kuijaribu. Kuna benchi nyuma kabisa, linatazama maji tunayoyaacha. Nilikaa hapo, nikaacha nafasi yako. Matuneli yapo njia ya treni ya kurudi, kwa hiyo tutarudi pia kwa boti.

Gaëlle aje na ile mashine yake ya muziki ya masikioni.

Njooni Julai.

Kaka yako


Lucerne, 9 Agosti 2009

Mdogo wangu,

Natumaini mlifika salama na miguu yako imepona. Nyumba imekuwa kubwa tangu mwondoke.

Naandika ili unisahihishe, maana siku ile sikuweza kusema kitu.

Kwenye boti ya Flüelen hukusema. Benchi letu lilikaliwa na harusi, ukacheza na wale watu, na mimi nilifurahi kukuona unacheza. Giessbach hukusema pia. Ulipiga kelele chini ya maporomoko, kelele tu bila maneno, nami nikapiga. Halafu Rigi. Tulipanda, wingu likatumeza. Sikuweza kuona hata reli. Watalii walilalamika wakarudi chini, sisi tukabaki kwenye kibanda cha kungojea treni, Gaëlle pembeni na muziki wake. Nikaomba radhi kwa kuwa hakuna cha kutazama. Ukasema, "Hakuna neno, kaka. Basi nikuambie."

Nilivyosikia ni hivi. Mlipokimbia vita Bukavu mwaka wa tisini na sita, kwenye njia ya msituni ya kwenda Walikale, miguu ya Mama ilivimba. Mwanamke mmoja asiyewajua akamkaribisha kibandani kwake. Risasi zilikuwa nyuma yenu. Mama akakufunga mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Tangulia, nitakukuta." Hakulia. Alikukemea ulipogeuka kumtazama. Miezi baadaye ukasikia kwamba yule mwanamke alimzika Mama nyuma ya migomba yake. Mimi ukaniambia kwa simu ni malaria, hospitalini, kitandani.

Je, nimesikia sawasawa?

Nilijua haikuwa kitandani. Sikukuuliza, maana mtu ambaye hakuwepo anaanzia wapi kuuliza?

Kaka yako,
Bonaventure


Fittja, 27 Septemba 2009

Kaka mpendwa,

Hatujambo. Nisamehe nimechelewa. Nilikuwa nalala. Ndiyo, nalala: narudi kazini, nakula, nalala mpaka asubuhi kama mtoto.

Umesikia sawasawa. Ila jambo moja ulilisahau, au nilisema kwa sauti ya chini. Alipokuwa ananifunga mtoto, alisema, "Bahati nzuri Bonaventure yuko mbali." Alilisema kwa furaha kabisa.

Sasa lingine. Juzi tunamenya viazi, Gaëlle akasema kwa Kiswidi, "Siku ile mlimani betri yangu ilikuwa imekwisha." Kisu kikaniponyoka. Alikuwa amesikia yote. Nikangoja alie, aulize kuhusu bibi, au kuhusu risasi. Akamaliza kumenya kiazi chake, halafu akauliza, "Var det någon med honom?" Yaani, mjomba alipopata habari, kulikuwa na mtu pamoja naye?

Kaka, miaka yote hii, mimi niliyekupigia simu ile, sikuwahi kukuuliza.

Emérithe


Lucerne, 11 Oktoba 2009

Mdogo wangu,

Mimi mzima.

Mwambie Gaëlle hivi. Simu ilikuwa kwenye korido ya nyumba niliyopanga chumba. Nilipoiweka chini, mwenye nyumba alikuwa nyuma yangu na balbu mkononi. Alikuwa mwanamke mzee, mwema. Akauliza, habari njema? Nikasema ndiyo. Akaniomba nimshikie ngazi. Nikamshikia. Alipanda polepole sana, akabadilisha balbu, akashuka, taa ikawaka, akanishukuru. Nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango.

Hakukuwa na mtu.

Hii ndiyo mara ya kwanza nimelisema. Imenichukua wiki nzima kuandika ukurasa huu, na sasa naona ni mfupi.

Nimeomba likizo ya Desemba, nimepewa. Gaëlle anipokee stesheni, na azungumze nami Kiswidi akitaka. Nitajifunza kidogo kidogo. Nataka kukaa na huyo mtoto.

Kaka yako,
Bonaventure